Mama aonwe na daktari kwa simu, au tumpeleke Mombasa?

*Assalaam aleikum daktari. Tunaishi Amu (Lamu), mtaa wa Mkomani. Mama yangu ana miaka 68, ana presha kwa miaka 12 na sukari kwa miaka 7. Daktari wake bingwa yuko Mombasa, na kila safari ni boti hadi Mokowe, basi kutwa nzima, kulala kwa watu, kisha kurudi. Safari ya mwisho alirudi miguu imevimba, akasema hendi tena. Kaka yangu aliyeko Mombasa ameulizia, na daktari yule yule yuko tayari kumuona kwa simu, kwa video. Mama amekataa. Anasema, "Tabibu asonishika mkono atanijuaje? Huyo mpiga ramli." Mimi niko katikati. Dawa zake ni amlodipini na enalapril za presha, na metformini ya sukari. Ana kikohozi kikavu miezi miwili sasa, na duka la dawa wameshampa antibiotiki mara mbili bila nafuu. Usiku nyayo zinamwaka moto. Juzi alipimwa presha dukani ikawa 168 kwa 94. Ana lengelenge dogo kwenye kidole cha mguu, lakini anasema ni makubadhi mapya na halimuumi. Wiki mbili zijazo tuna harusi ya mjukuu wake, kwa hivyo kusafiri sasa ni vigumu. Je, kuonwa kwa simu ni salama au tunajidanganya? Na siri zake zitaishia wapi huko mitandaoni?*

Waaleikum salaam, dada yangu. Barua yako ina maswali mawili makubwa, lakini kuna sentensi moja uliyoipitisha haraka haraka ambayo ndiyo iliyonifanya nikujibu leo nisingoje wiki ijayo. Ni hilo lengelenge lisilouma. Nianze nalo, kisha tuje kwenye simu.

Mtu mwenye miguu mizima akivaa makubadhi mapya yakamchubua, atachechemea, atalalamika, atayavua. Mama yamemchubua na hakuhisi. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na huanza na ile mirefu kuliko yote, inayofika nyayoni na vidoleni. Ule moto wa usiku unaousema huenda ndio kelele za mishipa hiyo kabla haijanyamaza. Ikishanyamaza, mtu hukanyaga mwiba, kaa la jiko au mchanga wa saa nane za mchana asijue, akaja kuona damu kwenye shuka. Kwa hivyo kutouma si habari njema hata kidogo. Siwezi kusema kwa kusoma barua tu kwamba ndivyo ilivyo kwa mama, ila mguu wa mtu mwenye sukari ya miaka 7 haubahatishwi. Mpelekeni hospitali ya kaunti hapo hapo Amu, leo au kesho, mguu ushikwe, upimwe hisia na mapigo ya damu, ufungwe vizuri. Msilitoboe lengelenge kwa sindano, msipake dawa ya meno wala majivu. Na hayo makubadhi yawekwe kando, hata kama ndiyo ya harusi. Hili halihitaji Mombasa, na halingoji miadi ya simu.

Sasa tuje kwa mama na mpiga ramli wake.

Sitaki kumcheka, maana ana hoja. Mkono wa tabibu hufanya kazi ambayo kioo cha simu hakiwezi. Hubonyeza tumbo na kujua pale panapogoma, huhisi ubaridi wa mguu, hugusa paji la uso. Na kushikwa mkono ni dawa pia, nani atakataa? Lakini mama anadhani sisi madaktari tunajua ugonjwa kwa kushika. Ukweli ni kwamba mara nyingi tunaujua kwa kusikiliza. Mwaka 1975 madaktari wa Nottingham, Uingereza, waliwafuatilia wagonjwa wapya 80 wa kliniki ili waone ni hatua gani hasa iliyotoa jibu. Kwa wagonjwa 66, jibu lililokuja kuwa sahihi lilikuwa limeshapatikana kwenye barua ya rufaa na maelezo ya mgonjwa, kabla hajapimwa kwa mikono wala kutolewa damu. Vipimo vimeongezeka sana tangu hapo, lakini maelezo ya mgonjwa bado ndiyo chombo changu kikubwa, na maelezo hupita kwenye simu bila kupungua.

Wala jambo lenyewe si geni kwetu. Amref, shirika lililoanzishwa mwaka 1957 kwa jina la madaktari warukao, lilikuwa na mtandao wa redio ambao tangu miaka ya 1960 uliwawezesha wauguzi wa zahanati za mbali kumwita daktari Nairobi, kumweleza mgonjwa na kuambiwa la kufanya. Muuguzi alikuwa mikono, daktari alikuwa masikio. Kilichobadilika leo ni kwamba redio imeingia mfukoni mwako, na pale alipokaa muuguzi umekaa wewe. Hapo ndipo penye jibu langu, dada. Usalama wa mama hautategemea ubora wa video. Utategemea mikono iliyoko kwake nyumbani na mpango mtakaokuwa nao siku simu haitoshi.

Kuna maneno matatu katika barua yako yaliyonipa moyo: "daktari yule yule". Laiti ungeniambia mmepata daktari msiyemjua ambaye hajawahi kumuona mama, ningekwambia ngojeni, mara ya kwanza aende mwenyewe. Daktari wake ameshausikiliza moyo wake, ana jalada lake, anajua mwaka jana uso wake ulikuwaje. Akimuona kwenye kioo ana cha kulinganisha nacho. Kwa maradhi ya kudumu kama presha na sukari, ambayo kazi kubwa ni kufuatilia namba, kupanga dawa na kuzungumza, simu inafaa vizuri. Kwa maumivu mapya ya tumbo, haifai.

Tena kwa presha nitasema jambo litakalomshangaza mama: nyumbani hupimwa kwa ukweli zaidi kuliko kliniki. Wako watu ambao wakiliona koti jeupe tu presha hupanda, na wakirudi kwao hushuka. Sasa fikiria mama aliyetoka kwenye basi la kutwa nzima, hajalala vizuri, amebana mkojo kwenye foleni. Namba utakayopata hapo ni ya safari, si ya mama. Hata ile 168 kwa 94 ya dukani siichukulii kama hukumu. Alikaa? Alikuwa ametoka juani? Mkanda ulifungwa juu ya mkono wa buibui? Alikuwa akizungumza na muuzaji? Kila moja ya hizo hupandisha namba.

Nunueni mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko, si ya kifundo cha mkono, na mwambieni muuzaji apime mzunguko wa mkono wa mama, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli. Kisha fanyeni hivi. Asubuhi, kabla ya dawa na kabla ya kahawa, aende msalani kwanza. Akae kwenye kiti chenye mgongo, si kwenye mkeka, nyayo zote mbili chini, miguu isikunjane. Mkono uwe wazi, ukae juu ya meza au mto hadi ulingane na moyo. Atulie dakika tano. Wajukuu watoke. Asisemeshwe, na hili ndilo gumu kuliko yote katika nyumba za Kiswahili. Salamu moja ya jirani pale dakani na yeye akaitikia, mnaanza upya. Pimeni mara mbili, dakika moja katikati, andikeni namba zote mbili pamoja na saa. Jioni rudieni. Siku saba. Namba za siku ya kwanza daktari ataziacha, za siku sita zilizobaki atazitafutia wastani. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 au zaidi ndio tunaouhesabu kuwa juu. Na muandike hata zile msizozipenda. Nimeshapokea madaftari ambayo kila siku ni 120 kwa 80 kamili, asubuhi na jioni, mwezi mzima. Nikisema jamani huyu ni mtu au saa ya ukutani, kijana anacheka: alikuwa akijaza usiku wa kuamkia miadi.

Sukari ina mitego yake. Kidole kilichotoka kumenya embe au kumega halua kikichomwa bila kuoshwa, mashine itapima embe na halua. Maji na sabuni, kikauke kabisa, ndipo kichomwe, pembeni mwa ncha na si katikati. Vile vijiti vya kupimia huharibika kwa joto na unyevu, na pwani yetu ina vyote viwili. Vibaki ndani ya kichupa chake, kifuniko kikazwe, visikae jikoni, na msome tarehe ya mwisho. Kabla ya kifungua kinywa tunapenda sukari iwe kati ya 4 na 7 (milimoli kwa lita), lakini kwa mtu wa miaka 68 daktari anaweza kulegeza kidogo, kwa hivyo muulizeni shabaha ya mama mwenyewe ni ipi.

Kikohozi je? Hapa ndipo nilipotamani ningekuwa nimekaa nanyi. Enalapril, dawa nzuri ya presha, ina tabia moja inayojulikana sana: kwa baadhi ya watu huleta kikohozi kikavu kisichokoma, chenye kuwasha kooni, kibaya zaidi usiku. Dawa hiyo huzuia kimeng'enya kinachopandisha presha, lakini kimeng'enya hicho hicho ndicho kinachovunja kemikali fulani mwilini, na kemikali hiyo ikizidi huchokoza njia ya hewa. Huweza kuanza wiki chache baada ya dawa, au miezi mingi baadaye. Antibiotiki haina la kufanya hapo, maana hakuna mdudu wa kuuawa. Sisemi ndicho alichonacho. Kikohozi cha miezi miwili lazima pia kiulizwe kuhusu kifua kikuu, na moyo, na hasa mkimuona anapungua mwili, anatoka jasho usiku au anakohoa damu, apimwe makohozi hapo hospitalini. Lakini daktari wake anaweza kuuliza maswali matano kwa simu na kumbadilishia dawa, kwa mfano kumpa losatani, dawa nyingine ya presha. Msimkatishe enalapril wenyewe. Na msinunue mzunguko wa tatu wa antibiotiki.

Amlodipini nayo huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu. Ile miguu iliyovimba aliporudi Mombasa inaweza kuwa ni basi, inaweza kuwa ni dawa, inaweza kuwa moyo au figo. Hapa mikono yako ndiyo itakayosema. Mbele ya simu, bonyeza kwa dole gumba juu ya mfupa wa ugoko, hesabu hadi tano, achilia, sogeza kamera. Likibaki shimo kama la kidole kwenye unga uliokandwa, daktari ameona alichokuwa akikitaka. Halafu atataka kujua limepanda mpaka wapi, miguu yote miwili au mmoja, na usiku mama hulalia mito mingapi. Mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, huo ni wa kupelekwa siku hiyo hiyo.

Siku ya miadi, tandika mkeka na umwage juu yake kila kitu mama anachomeza, kila kitu kweli. Vya hospitali, vya duka la dawa, habasoda, mlonge, shubiri, chupa aliyoletewa na shoga yake kutoka Umra, na vile vidonge vya maumivu anavyovificha kwenye mkoba. Vionyeshe kamerani kimoja kimoja, jina na miligramu zisomeke. Hivyo vya maumivu, diklofenaki na ibuprofeni na ndugu zao, navitafuta kuliko vyote, kwa sababu hupandisha presha na kuziumiza figo, na mgonjwa havihesabu kuwa ni dawa. Kliniki mama huja na kadi tu, mkoba umebaki nyumbani. Mkekani havina pa kujificha. Na akiulizwa chakula asione haya kutaja ng'onda na achari. Chumvi ya mwezi mzima huonekana kwenye mashine ya presha.

Watu hudhani video ndiyo kila kitu, na mtandao ukikatika basi ushauri umeharibika. Si hivyo. Sauti safi ina manufaa kuliko picha inayoganda kila dakika. Naisikia pumzi ya mtu: je, anamaliza sentensi moja bila kutweta? Naisikia huzuni pia. Video naihitaji kwa mambo machache: uso, ngozi, mguu, na namna mtu anavyotembea kutoka mlangoni hadi kitini. Nyumba zenu za mawe za Mkomani kuta zake ni nene mno kwa mtandao, ndani kabisa simu hulia kilio cha mbali. Jaribuni siku moja kabla: uani, darini, karibu na dirisha. Mama akae uso wake ukielekea mwanga. Mwanga ukiwa nyuma yake daktari ataona kivuli kilichovaa mtandio. Kubalianeni mapema kwamba video ikikatika daktari atapiga simu ya kawaida, kwa namba gani, na nani atapokea. Simu ijazwe chaji, bando liwepo. Yameisha hayo.

Jambo jingine: mwache mama azungumze. Mabinti wa kwetu kwa mapenzi huwasemea mama zao, "hajambo, ila kichwa kidogo", na mama mwenyewe angesema kichwa humuuma upande mmoja tangu alipoanguka chooni siku ambayo hakumwambia mtu. Wewe kaa pembeni, shika kalamu, jaza pale atakapokwama. Na umpe dakika chache peke yake na daktari. Yapo mambo mwanamke wa miaka 68 hayasemi mbele ya mwanawe, sembuse mbele ya mkaza mwana. Akitaka daktari wa kike, ni haki yake kuomba. Akitaka uso wake usionekane, inawezekana kufanya kwa sauti, na picha za mguu zikatumwa peke yake.

Nikuhadithie siku simu iliponidanganya, au tuseme nilipojidanganya mwenyewe. Nikiwa hapa Malindi nilitumiwa picha ya kidonda cha mguu wa bibi mmoja mwenye sukari. Picha nzuri, mguu una hina ya sikukuu, rangi ya kahawia iliyokoza hadi kwenye kifundo, na kidonda kidogo kilichoonekana kikavu. Nikauliza homa, hakuna. Maumivu, hakuna. Nikaandika asafishe kwa maji ya chumvi, tuonane Jumatatu. Tulipokuwa tunaagana binti yake akasema, "Ila daktari, tumefungua madirisha yote, chumba kinanuka." Nikakaa kimya. Harufu haipiti kwenye simu, na mimi sikuuliza. Ule wekundu wa kuenea niliotakiwa kuuona ulikuwa chini ya hina. Alipelekwa hospitali jioni ile ile, akapoteza kidole kimoja, mguu ukabaki. Angengoja Jumatatu sijui tungesema nini. Tangu hapo nauliza harufu kabla ya salamu hazijaisha.

Kwa hivyo picha za kidonda zina adabu yake. Futa kioo cha kamera kwanza, maana simu hushikwa na mikono ya mapishi. Mwanga wa mchana, usiwashe taa ya simu. Picha moja ya mbali inayoonyesha mguu mzima, moja ya karibu, na sarafu ya shilingi kumi kando yake ili ukubwa ujulikane. Mguu wa pili upigwe pia, wa kulinganisha. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, ngozi hugeuka kahawia iliyoiva au zambarau, basi gusa kwa nyuma ya kiganja na useme kama pana joto kuliko upande mwingine. Na useme harufu.

Yapo yasiyofanyika kwa simu hata daktari awe hodari vipi. Jicho la mwenye sukari linatakiwa litazamwe kwa ndani kila mwaka. Miguu ichunguzwe kwa mikono angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi ikiwa hisia zimepungua. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu, damu ya figo, mkojo kuangaliwa protini, moyo kupimwa kwa umeme. Baadhi ya hivyo mtavipata karibu. Muombeni daktari wa Mombasa aandike orodha sasa, mvifanye kabla ya simu, na karatasi za majibu zipigwe picha. Mkifanya hivyo, safari ya Mombasa inaweza kuwa moja au mbili kwa mwaka, nyakati mtakazochagua nyinyi, baada ya harusi na bila haraka. Sikushauri iondoke kabisa. Na moja ya miadi ya simu iwe mwezi mmoja na nusu au miwili kabla ya Ramadhani, wapange kama anaweza kufunga na dawa zihamie saa ngapi, siyo apige simu mwandamo wa mwezi.

Sasa yale ambayo ukiyaona hupigi simu ya video wala huningoji mimi. Uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea, maneno kuanza kuparaganyika: hiyo ni kiharusi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni hutolewa ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya picha ya kichwa, na wewe unakijua kisiwa chenu: boti, gati, gari. Andika saa ile ile dalili ilipoanza na muondoke. Kifua kubana, hasa kikiambatana na jasho au maumivu ya taya na mkono. Kwa wenye sukari wakati mwingine huja kama kichefuchefu na uchovu wa ghafla bila maumivu. Kushindwa kupumua akilala. Presha ya 180 kwa 120 au zaidi pamoja na kichwa kikali, macho kufifia au kuchanganyikiwa. Ikiwa namba ni hiyo bila dalili yoyote, mpumzishe, pima tena, na umpigie daktari siku hiyo hiyo. Sukari ya juu sana pamoja na kutapika, usingizi mzito au kupumua haraka haraka. Sukari chini ya 4 mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji ikiwa anaweza kumeza, pima baada ya dakika 15. Na kidole kikigeuka cheusi au kutoa harufu, unajua hadithi yake.

Andika kwenye karatasi namba ya mwenye boti anayekubali kuamshwa usiku, namba ya mwenye gari upande wa Mokowe, namba ya hospitali, na 999 au 112. Bandika ukutani, si kwenye simu pekee, kwani siku hiyo simu atakuwa nayo mtoto.

Umeuliza siri zitaishia wapi. Kenya tiba kwa mtandao ni jambo halali. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 iliitambua, na mwaka 2023 ikaja Sheria ya Afya ya Kidijitali. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo imeziweka taarifa za afya kwenye fungu la zile zinazolindwa zaidi. Muulizeni daktari wazi: uko peke yako chumbani? Unarekodi? Picha za mama unaziweka wapi? Daktari muungwana hachukizwi. Kama siku moja mtamtumia daktari mwingine, ombeni jina lake kamili na namba ya usajili, mlitafute kwenye orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno iliyoko wazi mtandaoni, na anayekataa kutaja namba huku akitaka M-Pesa kwanza, kata simu. Hata hivyo katika kazi yangu siri nyingi nilizoona zikivuja hazikuvujia kwa daktari. Zilivujia kwenye kundi la familia. Binti alituma picha ya mguu kwa daktari, picha ikajihifadhi kwenye simu, mjukuu akaichukua, ikafika kwa mashangazi wa Mambrui kabla ya adhuhuri na dua juu yake. Tumia simu yako mwenyewe, zima mpangilio wa simu unaohifadhi picha wenyewe, na ukishatuma futa.

Kwa mama, usimwambie kwamba simu ni sawa na kuonwa. Atajua unamlaghai. Mwambie daktari wake amekubali asimpandishe basi kila mara, na kwamba ile mikono anayoitaka itakuwapo: ya muuguzi wa hapo Amu leo au kesho, ya daktari mwenyewe atakapokwenda Mombasa baada ya harusi, na katikati ya hapo ni yako. Mwombe ajaribu mara moja tu, nawe umshike mkono wakati wa mazungumzo. Asipopenda, mtatafuta njia nyingine.

Na kwa kuwa kuna harusi, najua swali litakalofuata. Hina apake mikononi, hadi kwenye viwiko akitaka. Nyayo na vidole vya miguu mviache wazi mpaka lengelenge lipone na daktari aseme ameuona mguu wote.